Rufaa ya fidia ya ulemavu kazini huanza siku ya ajali

ASUBUHI ya mvua ya Rungwe haimsubiri mtu. Kabla ukungu haujainuka kwenye miteremko ya Katumba na Mwakaleli, wachuma chai huwa wamekwisha kuingia shambani, vikapu mgongoni na nailoni kiunoni, wakitafuta majani mawili na kichipukizi. Jioni magari ya majani huelekea viwandani, ambako mashine hukata usiku kucha, boila hula kuni, na mikono ya watu hupita karibu mno na chuma kinachozunguka.

Katika kazi ya namna hii ajali si jambo la ajabu. Mtu huteleza kwenye mteremko akavunjika nyonga. Mwingine huachia vidole kwenye mashine. Mwingine huanguka kutoka juu ya gari la majani, au huungua mkono akichochea boila. Hospitali ya Makandana mjini Tukuyu ipo, Igogwe ipo, na likizidi uwezo wao mgonjwa hupelekwa Mbeya kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Tatizo kubwa huja baadaye, jeraha likishakauka. Mfanyakazi anapokea barua inayosema ulemavu wake umepimwa kuwa wa asilimia fulani, au kwamba ajali yake haikuthibitika kuwa ya kazini. Anaisoma, anaumia moyo, anasema ameonewa. Akiulizwa ana karatasi gani ya kuonyesha alivyoonewa, anatazama chini.

Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Fidia ya ulemavu nayo ni mali. Rufaa yake haishindwi siku ya kusikilizwa. Mara nyingi hushindwa miezi mingi kabla, siku ile ajali ilipotokea na hakuna aliyeandika kitu.

Asilimia moja inaweza kubadili maisha

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi iliyopitishwa mwaka 2008. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa kifupi kama WCF, ambao ulianza kukusanya michango ya waajiri Julai 2015. Kabla ya hapo mfanyakazi aliyeumia alitegemea sheria ya enzi ya mkoloni, ambayo viwango vyake vya fidia vilikaa miaka mingi bila kubadilishwa hadi vikapoteza thamani kabisa.

Chini ya sheria ya sasa, mfanyakazi aliyeumia kazini au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi anastahili matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao ili aweze kurudi kazini, na malipo ya mtu wa kumhudumia iwapo hawezi kabisa kujihudumia. Akifariki, familia hulipwa msaada wa mazishi na wategemezi wake hupata pensheni.

Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ndio unaoleta mabishano mengi, kwa sababu sheria imeweka mpaka kwenye asilimia 30. Aliyepimwa asilimia 30 au chini yake hulipwa mkupuo, mara moja, basi. Aliyepimwa zaidi ya hapo hulipwa pensheni kila mwezi.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo na kufikiri. Kati ya asilimia 30 na 31 kuna tofauti ya moja tu kwenye karatasi ya daktari. Nyumbani kwa mfanyakazi, ni tofauti kati ya fedha zitakazoisha kwa kuezeka nyumba na kununua ng'ombe mmoja wa maziwa, na fedha zitakazokuwa zikiingia kila mwezi. Mtu wa namna hiyo akiacha kukata rufaa kwa uvivu au kwa hofu ya ofisi, hasara yake si ya mwaka mmoja.

Ngazi za rufaa

Uamuzi wa kwanza kuhusu madai hutolewa na Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Asiyeridhika huanza kwa kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Asiporidhika tena, hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Baada ya hapo mlango ulio wazi ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kwa mkazi wa Rungwe hiyo ina maana ya kupanda Coaster kwenda Mbeya kupitia Kiwira na Uyole, safari ya kilomita 70 hivi.

Wapo wanaopeleka dai la fidia ya ajali Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Tume hiyo ina kazi yake. Ikiwa mwajiri amemwachisha mtu kazi kwa sababu ameumia, hilo ni suala la kuachishwa kazi isivyo halali na linapelekwa CMA ndani ya siku 30. Lakini asilimia ya ulemavu na kiasi cha fidia ya Mfuko vina njia yake, ile iliyotajwa hapo juu. Mtu mmoja anaweza kuwa na mambo yote mawili kwa wakati mmoja, na asipoyatenganisha anaweza kupoteza muda wa yote mawili.

Wapo pia wanaochanganya WCF na NSSF. NSSF ni hifadhi ya jamii ambayo mfanyakazi na mwajiri huchangia, nayo ina pensheni yake ya ulemavu kwa mwanachama aliyetimiza masharti, hata kama hakuumia kazini. WCF huchangiwa na mwajiri peke yake na inahusu kuumia au kuugua kutokana na kazi. Barua ya rufaa iliyoelekezwa mlango usio wake hupoteza wiki nyingi.

Muda ndio adui wa kwanza. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku saba tangu alipoifahamu. Madai ya fidia yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya ajali. Rufaa nayo ina siku zake, na siku hizo huanza kuhesabiwa. Kwa hiyo mara barua ya uamuzi inapofika, jambo la kwanza ni kuandika kwenye kona yake tarehe iliyopokelewa, kutunza bahasha yake yenye mhuri wa posta, na kuuliza siku hiyo hiyo mwisho wa kuwasilisha pingamizi ni lini. Jibu la swali hilo liandikwe, lisihifadhiwe kichwani.

Jua unapinga nini

Rufaa nyingi huandikwa kama malalamiko. Mwombaji anaeleza kwamba ana watoto watano, kwamba mvua imemwangushia jiko, kwamba amelitumikia shamba kwa miaka 20. Yote ni kweli na yote yanauma, lakini hayajibu swali lililo mezani. Uamuzi hukataa dai kwa sababu maalumu, na kila sababu ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni kwamba ajali haikutokea kazini. Dawa yake ni daftari la mahudhurio la siku ile, orodha ya zamu, kitabu cha ajali cha kiwanda, na maelezo ya watu walioshuhudia. Ikiwa ajali ilihusu gari, fomu ya polisi ya PF3 ina uzito mkubwa, maana huonyesha siku, mahali na namna ya kuumia.

Sababu ya pili ni kwamba mwombaji hakuwa mwajiriwa. Hili huwapata sana vibarua. Asiye na mkataba wa maandishi si lazima awe hana ushahidi. Karatasi za kupimia majani zenye jina au namba yake, malipo yaliyoingia kwa simu, kitambulisho cha kiwanda, na maelezo ya mnyapara au wachumaji wenzake hueleza alikuwa akimfanyia nani kazi.

Sababu ya tatu ni mshahara kukokotolewa chini ya kipato halisi. Chukua mfano wa mchuma chai anayelipwa kwa kilo. Tuseme hesabu ilifanywa kwa kipato cha Sh200,000 kwa mwezi, wakati karatasi zake za mizani zinaonyesha wastani wa Sh300,000. Asilimia 70 ya kiasi cha kwanza ni Sh140,000. Ya kiasi cha pili ni Sh210,000. Tofauti ni Sh70,000 kila mwezi, na kwa miezi sita ya kuuguza mguu inafika Sh420,000. Fedha hizo zimo ndani ya vikaratasi ambavyo wengi huwashia moto.

Sababu ya nne ni asilimia ya ulemavu kuwa ndogo. Hapa dawa ni daktari, na huruma haisaidii. Daktari anayetathmini hupima kiungo kilichopotea, nguvu iliyobaki, na kiasi ambacho kiungo kinaweza kukunjwa na kunyooshwa. Tathmini ya kudumu inapaswa kufanywa jeraha likishafika mahali ambapo matibabu hayataliboresha tena. Aliyepimwa mapema mno, kisha kidonda kikafunguka au kiungo kikakakamaa, anayo hoja: aeleze kilichobadilika tangu tarehe ya kipimo cha kwanza, aambatishe maelezo ya kliniki ya baadaye, na aombe kupimwa upya.

Sababu ya tano ni kuchelewa. Anayekataliwa kwa kuchelewa aeleze kwa tarehe nini kilimchelewesha na alete uthibitisho. Alilazwa kutoka lini mpaka lini? Alimwarifu mwajiri siku gani, na nani alikuwapo? Kusema tu kwamba hakujua sheria ni hoja dhaifu. Kuonyesha kwamba alitoa taarifa kwa mwajiri siku ya pili, na mwajiri ndiye aliyekaa na karatasi, ni hoja ya aina nyingine kabisa.

Faili moja, mafungu manne

Anayejiandaa kwa rufaa anunue faili la kawaida dukani na kuligawa mafungu manne. Fungu la kwanza liwe la kazi: mkataba, kitambulisho, hati za mshahara, karatasi za mizani, taarifa za benki au za simu. Fungu la pili liwe la ajali: nakala ya taarifa ya mwajiri kwa Mfuko, PF3 kama ipo, majina na namba za simu za mashahidi, na mchoro mdogo wa mahali pa ajali uliochorwa kwa mkono.

Fungu la tatu liwe la hospitali. Humo iwemo karatasi ya siku ya kwanza kabisa, hata kama ni ya zahanati ya kijiji, barua ya rufaa ya kwenda Mbeya, picha za eksirei na majibu yake, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, na vyeti vyote vya ED vilivyompumzisha kazini. Karatasi ya siku ya kwanza ni ya thamani kuliko zote, kwa kuwa iliandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria fidia. Ikiwa daktari aliandika kwamba mgonjwa ameumizwa na mashine kiwandani, neno hilo moja linaweza kubeba rufaa nzima. Ndiyo maana anayefikishwa hospitalini, au ndugu aliyemsindikiza, anapaswa kueleza wazi: ameumia kazini, akifanya kazi fulani, saa fulani.

Fungu la nne liwe la barua. Kila kilichopelekwa kiwe na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na kila kilichojibiwa kiwe na bahasha yake. Nakala ya pili ya faili zima ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Rungwe ina mvua karibu mwaka mzima, na karatasi iliyoloa haisomeki mbele ya hakimu wala daktari.

Zaidi ya mafungu hayo manne, liwepo daftari dogo la maisha ya kila siku. Liandikwe tarehe na jambo moja ambalo mwili umeshindwa: ameshindwa kukamua ng'ombe kwa mkono wa kulia, ameshindwa kubeba mkungu wa ndizi kutoka shambani, amelazimika kufungiwa vifungo vya shati na mtoto, amepanda kilima akapumzika mara nne. Yasiwe matangazo ya uchungu. Yawe mambo ambayo jirani akiulizwa atasema ndivyo ilivyo. Mtu akiulizwa ghafla maumivu yake yakoje, husema tu yanauma sana. Akiwa na daftari, anajibu kwa vitu vinavyoonekana.

Barua fupi hushinda ndefu

Barua ya kupinga uamuzi haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inatosha kuwa na mambo matano: uamuzi unaopingwa na tarehe yake, sehemu gani ya uamuzi inayopingwa, sababu, ushahidi ulioambatishwa kwa namba, na kinachoombwa.

Kwa mfano: "Barua yenu inasema ulemavu wangu ni asilimia 22. Napinga kipimo hicho kwa sababu kilifanyika kabla sijafanyiwa upasuaji wa pili. Nimeambatisha karatasi ya upasuaji, namba 3, na maelezo ya kliniki, namba 4. Naomba nipimwe upya." Sentensi nne tu, na kila moja inamwonyesha msomaji wa barua pa kutazama.

Mwandishi wa barua asitukane mtu na asidai rushwa ililiwa kama hana ushahidi. Asiongeze chumvi pia. Aliyeandika kwamba mkono haufanyi kazi kabisa, kisha akaonekana ameinua begi nao, amejiharibia hata yale yaliyo kweli. Kama mkono unaweza kuinua kikombe lakini hauwezi kushika shoka, na iandikwe hivyo hivyo. Tathmini hutolewa kwa kiwango, na mtu anayesema anachoweza huaminika anaposema asichoweza.

Msaada upo. Chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo, TPAWU, kina wajibu kwa wanachama wake, na kiongozi wa tawi anapaswa kuhusishwa tangu siku ya ajali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao husaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Afisa kazi naye ni mtu wa kuonwa, na Mfuko wenyewe hupokea maswali kupitia ofisi zake za mikoani na kwa simu. Anayetoza kamisheni ya fidia ili "aharakishe faili" huyo ni wa kuepukwa.

Siku ya kusikilizwa

Hatua za mwanzo hutegemea sana karatasi. Lakini mwombaji anaweza kuitwa kwa daktari kupimwa upya, na shauri likifika Divisheni ya Kazi kunakuwa na siku ya kusimama na kujibu. Katika mahakama hiyo mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, au akawakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na wakili, au na mwakilishi mwingine aliyemchagua. Aidha, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo hakuna sababu ya mfanyakazi kuogopa kwamba ataulizwa asichokielewa.

Maandalizi ya wiki ya mwisho ni ya kawaida kabisa. Asome faili lake mwanzo hadi mwisho na kukumbuka tarehe tatu: ya kuajiriwa, ya kuumia, na ya kupokea uamuzi. Akae na ndugu amuulize maswali magumu. Ulivaa glovu? Nani alikuagiza kusafisha mashine ikiwa inazunguka? Mbona ulikwenda hospitali siku ya pili? Maswali haya yataulizwa. Ni afadhali yaulizwe kwanza jikoni kwake Kyimbila kuliko yamshtue Mbeya.

Mashahidi wakumbushwe siku na saa, lakini wasifundishwe la kusema. Shahidi aliyekaririshwa hutambulika, na kesi nzuri huharibika kwa shahidi aliyejua mno. Nauli ya mashahidi itengwe mapema. Anayesafiri kutoka Mwakaleli au Lwangwa wakati wa masika asitegemee gari la asubuhi hiyo hiyo. Alale Tukuyu au Mbeya.

Mbele ya daktari wa tathmini, mwombaji asijikaze. Wanaume wengi wa Kinyakyusa wamelelewa kutolia mbele ya watu, na wanawake wa mashambani wamezoea kusema "nitapona tu". Adabu hiyo ni njema nyumbani, ila kwenye kipimo humnyima mtu haki yake. Daktari akikunja kidole na kinauma, mgonjwa aseme kinauma, na aseme kinauma kufikia wapi. Akiulizwa anatumia dawa gani, awe nazo mkononi.

Baada ya kusikilizwa, aulize mambo mawili kabla hajaondoka: uamuzi utatolewa lini, na utamfikia kwa njia gani. Namba ya simu iliyobadilika iarifiwe kwa maandishi.

Wajibu wa mwajiri, mkubwa na mdogo

Waajiri nao wana maslahi katika jambo hili. Kila mwajiri Tanzania Bara, wa umma au binafsi, anatakiwa kujisajili WCF. Mchango wa sekta binafsi ulianza kwa asilimia moja ya mishahara, ukashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mchango huo ni wa mwajiri. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi.

Kwa shamba linalolipa mishahara ya Sh2,000,000 kwa mwezi, asilimia 0.5 ni Sh10,000. Kiasi hicho ni kidogo kuliko bei ya tairi moja la gari la majani. Kwa upande mwingine, ajali moja isiyoripotiwa huleta kesi, faini, na mfanyakazi stadi aliyepotea. Anayeweka kitabu cha ajali, anayetoa mikataba ya maandishi hata kwa vibarua wa msimu, na anayefuata maelekezo ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, anajilinda yeye mwenyewe.

Hili linawahusu pia wakulima ambao hawajioni kama waajiri. Mwenye ekari chache za chai au parachichi anayeajiri vijana wawili wa kupanda mitini na kuchuma ana wafanyakazi. Kijana akianguka kutoka kwenye mparachichi, swali la nani mwajiri wake litaulizwa, na jibu halitakuwa "Mungu ndiye anayejua".

Mkulima anayejifanyia kazi mwenyewe kwenye shamba lake yuko upande mwingine. Huyo si mwajiriwa wa mtu, na kuuza majani kiwandani hakumfanyi kuwa mfanyakazi wa kiwanda. Fidia ya WCF haimfikii. Kwake busara ni kujiwekea kinga mapema, ikiwamo kujiunga NSSF kama mtu aliyejiajiri, na kuwa na bima ya afya. Aliyekwisha pata ulemavu anaweza kuuliza halmashauri kuhusu fungu la asilimia 2 ya mapato ya ndani linalotengwa kwa mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu.

Kesho asubuhi ukungu utatanda tena Katumba, na watu wataingia mashambani kama kawaida. Hakuna anayekwenda kazini akifikiria rufaa. Lakini kila mmoja anaweza kufanya jambo moja dogo leo jioni: kukusanya karatasi zake za mizani, hati za mshahara na mkataba, kuzitia kwenye mfuko wa nailoni, na kuzitundika mahali pasipovuja. Siku ya ajali haitangazwi. Aliyeumia akiwa na faili hilo ataanza rufaa yake akiwa na la kuonyesha.